Kazi na Elimu Upande Wetu wa Kisauni



Katika mkutano wa mwaka, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo siku ile halikupata jibu: Utange i karibu hivi na bandari kubwa, mbona watoto wake wengi wameishia kuwa vibarua? Kijana mmoja akajibu kwamba watu wa Pwani hawapendi kazi wala kusoma, na baadhi ya waliokuwapo wakacheka. Kamati ikanitaka niandike machache juu ya jambo hili, nami nimekubali, maana maneno ya kijana yule si yake. Ni ya zamani kuliko yeye.

Upande wetu wa Kisauni haukuchelewa kupata elimu. Misheni ya C.M.S. ilianzisha Freretown mwaka 1875, ikawapokea watumwa waliokombolewa, na watoto wao wakasoma hapo wakati ambapo sehemu nyingi za bara zilikuwa hazijamwona mwalimu. Walakini Serikali ya kikoloni ilipopanga elimu, iliipanga kwa rangi na kabila. Mwaka 1912 ilifungua Mombasa skuli ya Waarabu. Mwaka 1942 elimu ilifanywa ya lazima kwa watoto wa Kizungu, na kwa wavulana wa Kihindi wa Mombasa, Nairobi na Kisumu. Mtoto wa Kigiriama hakulazimishwa, wala hakujengewa skuli ya kulazimishwa kwenda. Kamati ya Beecher ya mwaka 1949 ikagawa masomo ya Waafrika katika vipindi vya miaka minne minne, na mtihani wa kuwachuja mwishoni mwa darasa la nne. Wengi masomo yao yalikoma hapo. Marehemu Ronald Ngala, aliyekuja kuwa mwalimu mkuu wa Buxton mjini Mombasa, ilimbidi aende hadi Alliance kule Kikuyu, na baadaye Makerere, nchini Uganda.

Hata aliyesoma alikuta mshahara umekwisha kupimwa kabla yeye hajafika. Katika kazi za Serikali, Mwafrika au Mhindi aliyeshika cheo kilekile cha Mzungu alipewa sehemu tatu katika tano za mshahara wake. Palipo shilingi 500 za Mzungu, yeye alipata 300, kwa meza ileile na kalamu ileile. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliukubali mpango huo uendelee, na haukuondolewa mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Tena Waafrika waliofikia vyeo hivyo walikuwa wachache mno. Ukarani na ufundi mwingi ulishikwa na Wahindi na Wagoa, na waliosalia walikwenda kubeba mizigo.

Hapa ndipo yatokapo maneno ya uvivu. Kwa miaka mingi kuli wa bandarini alikuwa mtu wa kutwa: alikwenda siku aliyotaka, akalipwa, akarudi kwake. Mtu wa Pwani alifanya hivyo kwa hesabu, maana alikuwa na minazi, mihogo na mahindi ya kuangalia, na ujira wa siku chache ulitimiza haja yake. Wenye kampuni za meli na Serikali hawakuupenda uhuru huo. Mwaka 1954 uliwekwa utaratibu mpya wa vibarua wa bandari: aliyeandikishwa sharti ajitokeze siku kadhaa kila mwezi, na asiyezitimiza jina lake lifutwe. Mtu mwenye shamba huku ng'ambo angewezaje kuyashika yote mawili? Wengi wa Pwani wakatoka, na nafasi zao zikashikwa zaidi na ndugu zetu wa kutoka bara, ambao mashamba yao yalikuwa mbali mno kuyarudia.

Na shamba lenyewe halikuwa salama. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu wa ukanda wa pwani alete dai lake. Wamijikenda waliishi kwenye ardhi kwa ukoo, si kwa karatasi, na madai ya namna hiyo hayakukubaliwa. Ndiyo maana mtu alipanda mnazi, akala nazi zake miaka arobaini, kisha akaitwa maskwota. Wazee wa Utange hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mimi mwenyewe, niliposhika ukarani mara ya kwanza katika ofisi moja ya mjini, bwana aliyeniandika aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, akasema, "Huko kwenye minazi watu hawaamki mapema." Siku ile nilikuwa nimetoka nyumbani saa kumi na nusu za alfajiri. Sikumjibu, nilihitaji kazi.

Nisieleweke kwamba walionufaika ni watu wa bara. Wao pia walilala wengi katika chumba kimoja kule Majengo. Mgomo mkuu ulioanza tarehe 13 Januari 1947, wa wafanyakazi wapata 15,000, haukuuliza kabila. Na Chege Kibachia, aliyewaongoza katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, alikuwa Mkikuyu. Alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni Baringo.

Nayaeleza haya kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu. Wanachama kadhaa wamependekeza kwamba fedha za karo zipewe watoto wa wenyeji tu, zisiwafikie watoto wa wapangaji waliozaliwa hapa. Nafahamu uchungu wao, nami ni mwenyeji. Lakini kumpanga mtoto kwa asili yake kabla ya kuitazama karatasi yake ya mtihani ni kazi waliyotufanyia wengine, na mahesabu yake ndiyo hayo niliyoyaandika hapo juu. Maombi yote ninayo mimi, yamefungwa pamoja, wala sikuandika kabila juu ya lolote. Shauri hili litakatwa katika mkutano ujao. Wazee wanaombwa wafike.