Hekalu la Msaidizi lahitaji kusaidiwa

NILIPANDA milima ya Arcadia, Ugiriki, nikitarajia kuziona nguzo za hekalu la Bassae zikimeta juani. Kumbe! Lote limefunikwa hema tangu 1987, likingwe dhidi ya mvua na theluji.

Lilijengwa karne ya 5 K.K., zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Msafiri wa kale, Pausanias, asimulia kuwa Apollo aliwaokoa watu wa Phigalia na tauni, ndipo wakamwita Epikourios, yaani msaidizi.

Vibao 23 vya nakshi zake za ndani vilishachukuliwa. Vimo London tangu karne ya 19. Mawe huhamishwa, mpenzi msomaji. Jina halikubebeka, ndilo linalotukumbusha tauni ile hadi leo. Basi tuyatunze majina yetu.