Kujifunza kutengeneza saa: aanzaye aanze na saa iliyokufa

Mwenye hamu ya kujifunza kutengeneza saa kwa kujiburudisha hahitaji karakana. Kwa mkazi wa Ipuli, katika Manispaa ya Tabora, meza iliyo mbali na dirisha, kitambaa cheupe na taa kali vyatosha, kwani adui wa kwanza wa saa ni vumbi, nalo halikosekani huko wakati wa kiangazi.

Saa aliyoiacha marehemu babu isiguswe kwanza. Itafutwe saa iliyokufa, ambayo hata ikiharibika zaidi hakuna atakayeililia.

Vifaa ni bisibisi ndogo zenye ncha za milimita 0.8 hadi 1.6, kibano chembamba, lenzi ya jicho na pampu ya mpira ya kupulizia vumbi. Kupuliza kwa mdomo hurusha mate, na mate huleta kutu.

Saa za mkononi za betri zilianza kuuzwa kwa mfumo wa kwazi mwaka 1969, zilipotolewa na kampuni ya Seiko ya Japani. Nyingi zinaposimama, ugonjwa ni betri tu. Ile ya kawaida ya fedha ikiwa mpya ina volti 1.55 hivi, ikiachwa imekwisha huvuja na kuila mitambo.

Utamu wa kazi, hata hivyo, umo katika saa ya kamani. Kamani husukuma magurudumu ya meno, na gurudumu la mizani huzuia nguvu hiyo isitoke yote kwa mkupuo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: kamani ilegezwe polepole kabla ya kufungua magurudumu, la sivyo meno huvunjika. Kila hatua ipigwe picha. Mafuta yawe ya saa, si ya kupikia, tena tone dogo kuliko kichwa cha pini.

Tabora yaijua gharama ya saa mbovu. Richard Burton na John Speke, waliofika huko mwaka 1857, walikuwa na saa maalumu za kupimia longitudo, zikawaharibikia safarini. Katika maeneo hayo, kosa la dakika 1 humpoteza mpimaji karibu kilomita 28.

Mwanafunzi wa leo ailinganishe saa yake na ya redio kwa siku kadhaa. Ikikimbia ghafla kwa dakika nyingi, huenda imeingiwa na sumaku ya spika. Ikikosea sekunde 20 kwa siku, kwa saa ya kamani ya bei nafuu, si aibu.