Fahamu Programu Huria na Uongozi wa Jumuiya Zake

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2010, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, mlezi wa OpenOffice, baadhi ya wanajumuiya waliunda taasisi yao na kuanzisha LibreOffice, ambayo hata mkazi wa Likombe, mkoani Mtwara, anaweza kuipakua bila malipo. Hata hivyo, tafsiri ya Kiswahili itadumu iwapo tu watakuwapo wafasiri wa kujitolea na viongozi wa kuwaunganisha.