Dizeli ya mwani: hesabu iliyosahaulika

Kila petroli inapopanda bei hapa kwetu, hakosi mtu wa kuniuliza: na ile dizeli ya mwani iliishia wapi? Swali zuri. Wengi wanadhani wazo lilizaliwa juzi juzi, kisha kampuni za mafuta zikaliua kimyakimya. Mimi ni mtu wa programu za kompyuta, si mwanabiolojia, lakini ripoti ya serikali ya Marekani iko wazi kwenye mtandao na nimeisoma. Hadithi yake ni nyingine kabisa.

Kwanza tuelewane. Mwani ninaousema si ule wa baharini unaokaushwa na akina mama kule Kwale. Ni ule mdogo mno, wa seli moja moja, unaogeuza maji ya tangi kuwa kijani. Hunasa mwanga wa jua na kaboni, na baadhi ya aina huweka akiba yao ndani kama mafuta. Ukiyatoa mafuta hayo na kuyachanganya na alkoholi kwa utaratibu unaofaa, unapata dizeli.

Mwaka 1978, Wamarekani wakiwa hawajasahau uhaba wa mafuta wa 1973, Wizara yao ya Nishati ilianzisha mradi ulioitwa Aquatic Species Program. Uliendeshwa na taasisi ya nishati ya jua kule Golden, Colorado, ambayo baadaye ilipewa jina NREL. Mwanzoni walitafuta haidrojeni. Miaka ya 1980 ilipoingia wakageukia mafuta. Wakaanza kuchota maji kwenye madimbwi ya jangwani na maziwa ya chumvi, chupa kwa chupa, hadi wakawa na aina zaidi ya 3,000 za mwani. Baadaye wakazichuja zikabaki kama 300.

Hapo ndipo walipokutana na fumbo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mambo yote. Mwani ukinyimwa naitrojeni hujaza mafuta, wakati mwingine kupita nusu ya uzito wake. Kila mtu alishangilia! Lakini seli yenye njaa haigawanyiki. Asilimia ya mafuta inapanda, mavuno yanashuka, na mwisho wa siku lita zako ni zilezile au zimepungua. Walijaribu pia kuongeza jeni inayohusika na utengenezaji wa mafuta. Jeni iliingia vizuri, mafuta hayakuongezeka.

Wakatoka maabara wakaenda Roswell, New Mexico (ndiyo, mji uleule wa hadithi za visahani vya angani). Wakachimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja, maji yakizungushwa na gurudumu la makasia. Siku nzuri walivuna gramu 50 kwa kila mita ya mraba. Wastani, hata hivyo, ulikuwa kama gramu 10, kwa sababu usiku wa jangwani ni baridi. Tena mwani wa porini uliingia wenyewe na kuufukuza ule uliochaguliwa kwa bidii zote zile.

Mradi ulifungwa 1996, baada ya kutumia dola milioni 25 hivi kwa karibu miaka 20. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, bajeti ilibanwa. Ripoti ya mwisho ikatoka 1998.

Miaka 10 baadaye pipa la mafuta likafika dola 147, Julai 2008, na kila mtu akaukumbuka mwani. Makala moja ya kisayansi ya 2007, ya Yusuf Chisti, ilitaja lita 58,700 kwa hekta kwa mwaka, na hata lita 136,900 mwani ukiwa na mafuta mengi zaidi, wakati mchikichi hutoa kama lita 5,950. Januari 2009 ndege ya Continental ilirushwa Houston kwa majaribio, injini moja ikitumia mchanganyiko wenye mafuta ya mwani na ya mbono. Julai mwaka huohuo ExxonMobil ikatangaza hadi dola milioni 600 kushirikiana na kampuni ya Craig Venter.

Sasa chukua kikokotoo, msomaji. Gramu 10 za Roswell kwa hekta nzima ni kilo 100 kwa siku, yaani tani 36.5 kwa mwaka. Tuseme mafuta ni asilimia 20: tani 7.3, kama lita 8,000. Si haba, lakini ziko wapi zile 58,700? Na bado hujalipia umeme wa kuzungusha maji na kazi ya kuyatenganisha na seli ndogo kiasi hicho.

Kinachoniuma zaidi ni zile chupa. Aina 300 zilipelekwa Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwani hai huwezi kuuweka kwenye diski ukausahau. Lazima uhamishwe kwenye chakula kipya mara kwa mara, la sivyo unakufa. Fedha za kuutunza zilipokauka, sehemu kubwa ikapotea, na watafiti waliorudi baada ya 2008 ilibidi waanze kuchota maji upya.

Exxon ilitangaza 2017 kwamba mwani wao umezidisha mafuta maradufu bila kudumaa sana. Mwaka 2023 ikajitoa. Solazyme, iliyokuwa ikiulisha mwani sukari ndani ya matangi yenye giza, ilikuwa imefilisika tangu 2017, ikiitwa TerraVia. Waliyoinunua ni Corbion, na mafuta ya mwani wake leo yanalishwa samaki wa kufugwa.