Bagamoyo, mji uliolea watafiti

Oktoba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopendekeza chanjo ya malaria ya R21, sehemu ya ushahidi ilitoka Bagamoyo. Jaribio lake kubwa lilifanyika Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na kwa upande wetu lilisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara (IHI) katika kituo chake cha Bagamoyo. Miaka miwili kabla ya hapo, chanjo nyingine ya malaria, RTS,S, ilipopendekezwa, Bagamoyo ilikuwemo pia. Nyuma ya mafanikio hayo ipo kazi ya zaidi ya nusu karne ya kulea watafiti.

Historia ya IHI inaanzia mbali na bahari. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika Ifakara, bonde la Kilombero, na mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa huko. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata Uhuru, pakaanzishwa mafunzo ya wasaidizi wa tabibu. Tangu wakati huo, utafiti na ufundishaji vilikaa chini ya paa moja.

Matunda yalionekana kwa watu. Dkt. Andrew Kitua aliongoza kituo cha Ifakara, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Dkt. Hassan Mshinda naye alitoka kuongoza Ifakara akaenda kuongoza Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Dkt. Salim Abdulla alichunguza vyandarua vyenye dawa huko Kilombero, akapata shahada ya uzamivu Basel, akarudi nyumbani na baadaye akawa mkurugenzi wa IHI. Mwaka 1996 kituo kikawa taasisi ya Kitanzania inayojitegemea, isiyotafuta faida. Jina la sasa lilikuja mwaka 2008.

Anayetoka Ifakara kuja Pwani hupita Mikumi, Morogoro, Ubena Zomozi na Chalinze. Utafiti nao ulisafiri hivyo hivyo hadi Bagamoyo, kwenye eneo la hospitali ya wilaya. Hapo watoto wachanga 340 walishiriki jaribio la RTS,S iliyotolewa pamoja na chanjo zao za kawaida za kliniki, na matokeo yaliyochapishwa Desemba 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 65 dhidi ya maambukizi katika miezi sita ya ufuatiliaji. Jaribio kubwa la chanjo hiyo lilihusisha watoto 15,459 katika nchi saba.

Tarakimu hizo zilipatikana kwa kazi ya mikono. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, likaachwa likauke, likatiwa rangi ya Giemsa, kisha likasomwa kwa hadubini. Wasomaji wawili husoma kioo kimoja, kila mtu peke yake. Wakitofautiana, huitwa wa tatu. Kijana anayeanza kazi hapo hujifunza mapema kwamba jibu lake litahakikiwa, na kwamba kuhakikiwa si kudharauliwa. Hujifunza pia kukaa na mama mzazi na kumweleza utafiti kwa Kiswahili cha kueleweka, mpaka mama aridhie au akatae kwa hiari yake.

Huko ndiko kumsaidia msomi kupata njia ya maisha. Kwa kushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, IHI imekuwa ikifundisha shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii, mwanafunzi akiwa karibu na wagonjwa, maabara na takwimu halisi. Msimamizi wake ni mtu aliye kazini, na tasnifu yake inagusa tatizo ambalo majirani wanalijua.

Vyuo vikuu vyetu binafsi vina la kujifunza hapa. Semina ya kuandika wasifu wiki moja kabla ya mahafali haitoshi. Mpeni mwanafunzi mlezi wa kitaaluma tangu mwaka wa kwanza, mpelekeni maabara na vijijini, mlipeni anapofanya kazi ya kweli, na mumwachie jina lake kwenye andiko alilolitolea jasho. Serikali na wafanyabiashara wetu nao watenge fedha za utafiti, maana sehemu kubwa ya gharama hizi imebebwa na wafadhili wa nje. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtafiti ni vivyo hivyo.