John Erickson na Vita vya Warusi

Imezoeleka duniani kwamba mshindi wa vita ndiye asimuliaye habari zake, na mshindwa hunyamaza. Lakini katika vita kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti, vilivyoanza tarehe 22 Juni 1941 na kwisha Mei 1945, mambo yalikwenda kinyume. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya ya Magharibi na Marekani walizipata habari za vita hivyo kutoka vinywani mwa majemadari wa Kijerumani, yaani wale wale walioshindwa.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Vita vilipokwisha, wengi wa majemadari hao walikuwa mateka wa Wamarekani na Waingereza. Nao Wamarekani, wakihofu kwamba siku moja huenda wakapigana na Warusi, walitaka kujua namna Warusi wapiganavyo. Wakawapa mateka wao kalamu na karatasi. Aliyewaongoza Wajerumani katika kazi hiyo alikuwa Franz Halder, aliyekuwa mkuu wa makao makuu ya jeshi la nchi kavu mpaka Hitler alipomwondoa mwezi wa Septemba 1942. Wengine wakaandika vitabu vyao wenyewe, kama Heinz Guderian na Erich von Manstein, na vitabu hivyo vikasomwa sana. Ukivisoma waona kwamba karibu kila kosa lilikuwa la Hitler, ambaye alikwisha kufa na hawezi kujibu. Yaliyobaki ni baridi, matope, na wingi wa Warusi usio na hesabu. Jemadari wa Kirusi mwenye akili na shauri ni nadra kukutana naye humo. Wala hukutani na vijiji vilivyochomwa moto na raia waliouawa nyuma ya majeshi yale, na si ajabu, kwa kuwa waandishi wenyewe walikuwa na sababu kubwa za kuyanyamazia hayo.

Na Warusi je, kwa nini hawakujibu? Walijibu, lakini kwa namna ambayo mtu wa mbali hakuweza kuiamini. Stalin alipokuwa hai, ushindi wote ulikuwa wake yeye. Tena palikuwa na jambo lililofichwa zaidi. Kabla ya vita jeshi la Kisovieti lilikuwa na majemadari watano wa cheo cha juu kabisa. Katika miaka ya 1937 hadi 1939 watatu kati yao waliangamizwa na serikali yao wenyewe. Mikhail Tukhachevsky, mwenye fikra nyingi kuliko wote juu ya vita vya vifaru na ndege, alipigwa risasi mwezi wa Juni 1937, na jina lake likafutwa vitabuni. Sasa mtu ataandikaje historia ya jeshi ambalo waliolijenga hawaruhusiwi kutajwa? Stalin akafa mwaka 1953. Mwaka 1956 Khrushchev akayashutumu matendo yake, na mlango ukafunguka. Haukuwa wazi wote, bali upenyo tu.

Kijana mmoja wa Kiingereza alikuwa akiutazama upenyo huo. John Erickson alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa South Shields, penye bandari, kaskazini mashariki ya Uingereza. Ujerumani ilipoivamia Urusi alikuwa mtoto wa miaka 12, na mji wake mwenyewe ulikuwa ukipigwa mabomu ya Kijerumani. Alilitumikia jeshi kwa muda, akasoma Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akafanya utafiti Oxford. Alikuwa hodari wa lugha, na jambo hili msomaji kijana alitie moyoni, maana pasipo Kirusi na Kijerumani hapangekuwa na Erickson wa kusimuliwa.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1962. Kilieleza habari za wakuu wa jeshi la Kisovieti tangu mwaka 1918 hadi 1941: jinsi jeshi lilivyozaliwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jinsi lilivyokua, na jinsi lilivyokatwa kichwa na Stalin, miaka michache tu kabla ya adui kuingia. Nyaraka za serikali ya Moscow zilikuwa zimefungwa. Basi aliandikaje? Alisoma kila kilichochapishwa: magazeti ya zamani, hotuba, amri, mafunzo ya maofisa, na hati za Kijerumani zilizotekwa. Katika nchi ambayo kila neno hupitia kwa mkaguzi, ukweli hujificha mahali padogo. Jemadari aandikapo masimulizi ya maisha yake, hupita haraka juu ya kushindwa kwake, lakini kwa kulalamika juu ya jirani yake hutaja siku, mto, na kikosi. Naye jirani, katika kitabu chake, humjibu. Mwenye kuviweka vitabu viwili hivyo ubavu kwa ubavu, na hati ya Kijerumani katikati, huanza kuona yaliyotokea. Hata ukimya una habari. Khrushchev alipokuwa madarakani, vitabu vya Kisovieti vilimtukuza kwa kazi yake katika vita vya Stalingrad; alipoondolewa Oktoba 1964, sifa zile zikanywea mara moja. Vita vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni mwenye kiti.

Mwaka 1963 alipata bahati ambayo wageni wachache mno waliipata. Mwandishi Cornelius Ryan, mzaliwa wa Ireland, alikuwa akitafuta habari za kutekwa kwa Berlin, naye Erickson akafuatana naye mpaka Moscow. Huko wakazungumza na wenye vita wenyewe: Konev, ambaye majeshi yake yalishindana na ya Zhukov kuufikia mji wa Berlin, Chuikov, aliyeushikilia ukingo wa Volga pale Stalingrad, na Rokossovsky, ambaye kabla ya kuwa shujaa wa taifa alikuwa mfungwa wa taifa hilo hilo, kwani alikamatwa mwaka 1937 na kuachiliwa 1940. Nadhani wazee wale walifurahi kupata mgeni asiyehitaji kufundishwa jina la kila mto. Mtu mzima humsimulia vyema yule ajuaye kuuliza.

Matunda makubwa ya kazi hiyo yalikawia. Kitabu cha njia ya kwenda Stalingrad kilitoka mwaka 1975, na cha njia ya kwenda Berlin mwaka 1983. Sitamdanganya msomaji: si vitabu vyepesi. Majeshi, vikosi, mito na vituo vya reli hufuatana mpaka kichwa kikauma, na asiye na ramani mkononi atapotea. Lakini humo, kwa msomaji wa Magharibi, Mrusi alipata sura. Anaonekana akikosea vibaya mwaka 1941, akijifunza kwa gharama ya kutisha mwaka 1942, na hatimaye akimshinda mwalimu wake. Erickson hakuwapamba. Ukatili wa Stalin umo, na uzembe wa makamanda umo, pamoja na ushujaa wa askari.

Wakati huo alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na dunia ilikuwa katika hatari. Mataifa makubwa yalielekezeana makombora ya nyuklia. Mwaka 1983 Warusi waliitungua ndege ya abiria ya Korea ya Kusini, na watu 269 wakafa. Katika miaka hiyo ya uchungu, tangu 1981, Erickson aliwakutanisha maofisa na wataalamu wa Kisovieti na wenzao wa Magharibi katika mikutano iliyojulikana kama Mazungumzo ya Edinburgh. Mikutano hiyo iliendeshwa kwa adabu ya wanachuoni: mtu atoe hoja, na mwenzake aijibu hoja. Kwa nini Warusi walikubali kuketi mbele yake, ilhali wakuu wa majeshi ya nchi za Magharibi nao walimtaka shauri? Kwa maoni yangu jibu limo katika vitabu vyake. Upande mmoja ulijua kwamba hakuyadharau mateso yao. Upande wa pili ulijua kwamba hakudanganywa nao.

Mwaka 1991 Urusi ya Kisovieti ikavunjika, na baadhi ya makabati yakafunguliwa. Mwaka 1993 Warusi wenyewe walichapisha hesabu ya askari wao waliokufa: kiasi cha milioni 8 na laki 7. Pamoja na raia, waliopotea hukadiriwa kuwa karibu milioni 27. Erickson akaingia kuzichungua hesabu hizo, akiuliza ni nani aliyehesabiwa na nani aliyesahauliwa. Wengine wakaiendeleza njia yake. Mmarekani David Glantz, ofisa wa jeshi aliyegeuka kuwa mwanahistoria, alitoa kitabu mwaka 1999 juu ya shambulio kubwa la Zhukov karibu na Rzhev mwishoni mwa 1942, lililoshindwa vibaya na ambalo waandishi wa Kisovieti walikuwa wamelipita kimya kimya.

Erickson alifariki mwaka 2002. Mwenye kukifungua kitabu chake cha njia ya Berlin asikifunge afikapo mwisho wa masimulizi, kwa sababu baada yake zinakuja kurasa nyingi za maelezo ya asili ya habari zake. Humo amepanga, sura kwa sura, vitabu vya Kirusi na hati za Kijerumani alizozitumia, na hapo mtu aweza kumfuata nyuma hatua kwa hatua, hata kumpinga akitaka.