Pointi Sita za Takataka

Tingatinga zilipobomoa nyumba za kandokando ya Mto Mathare, Nairobi, baada ya mafuriko ya 2024, swali la kuulizwa lilikuwa vijana waliobaki bila makao watashikwa na nani kabla magenge hayajawashika. Mtaa wa Mathare wenyewe umekuwa na jibu tangu 1987, mwaka ambao Mkanada Bob Munro alisaidia kuanzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA. Simulizi ya Munro, ambayo waandishi wengi huirudia, huanza na watoto waliocheza kwa mipira ya mifuko ya nailoni iliyofungwa kamba. Aliahidi kuwasaidia kupata ligi, ila kwa sharti: nao wafanye jambo kwa ajili ya mtaa. Ligi ya wasichana ilifuata miaka ya tisini, na timu ya chama hicho, Mathare United, ikatwaa Kombe la Moi 1998.

Kombe hilo limesifiwa kupita kiasi. Kilicho adimu ni jedwali la ligi. Timu ikishinda mechi hupata pointi 3. Ikikamilisha zamu ya kuzoa taka na kuzibua mitaro hupata 6. Kwa hiyo wachezaji hodari wanaokwepa koleo wanaweza kupitwa na timu dhaifu yenye bidii. Mchezaji naye hujikusanyia pointi zake kwa kufundisha wadogo au kuchezesha mechi, na wanaoongoza hulipiwa karo, fedha zikienda moja kwa moja shuleni. Mahubiri hayamzuii kijana asiibe. Kinachomzuia ni cheo machoni pa majirani anachoogopa kukipoteza, na genge linalijua hilo vizuri, maana nalo hugawa vyeo.

Wapo watakaosema Mathare bado ina wezi, na kwamba wanaojiunga ni wale ambao wangetulia hata bila mpira. Hoja hiyo ina uzito, lakini uanachama haukuwahi kubagua watukutu, na hakuna ligi inayoweza kufuta umaskini wa mtaa mzima. Pingamizi zito zaidi ni kwamba watoto wamebebeshwa kazi ya wakuu wa jiji. Hapo sina utetezi. Chini ya Katiba ya 2010 uzoaji taka ni jukumu la kaunti, na hulipiwa kwa fedha za umma. Kaunti ingeanza kwa kuwaajiri waliokwisha kuvuka umri wa ligi, kwani hao ndio wanaoujua kila mtaro.